Kosa Lisilozaa Msiba

Watu wa hapa Kasansa wakisikia kwamba ujana wangu niliumaliza kwa kutunza boti ya kuvuta watu juu ya maji, huniuliza swali moja: walikuwa wakivutwa kwenda wapi? Huwajibu kwamba hawakuwa wakienda popote. Walivutwa kutoka ufukweni mpaka karibu na kisiwa, wakazungushwa, wakarudishwa pale pale walipoanzia, wamelowa, wamechoka, na nyuso zimechanua kwa furaha. Hapo wazee hutikisa vichwa. Mmoja, ambaye sasa ni marehemu, aliwahi kuniambia, "Basi ulikuwa ukilipwa kwa kuwasaidia watu kumwaga petroli baharini." Sikuwa na jibu la kumpa, na sijui kama ninalo leo.

Lakini swali ninalotaka kuliandika hapa si hilo la petroli. Ni hili: watu wawili wametenda kosa moja, kwa uzembe ule ule. Kwa wa kwanza hakuna kilichotokea. Wa pili amesababisha mtoto wa watu azikwe. Je, hatia yao ni moja? Najua wengi watajibu haraka. Namwomba msomaji asiharakishe, kwani mimi ni mmoja wa hao wawili.

Katika bonde hili letu la Rukwa maji yana kazi zake zinazojulikana. Kuna maji ya majaruba ya mpunga, kuna maji ya ng'ombe, kuna mto Kavuu unaofurika wakati wa masika, na kuna ziwa lenyewe, lisilo na mto wa kuyatoa maji yake, la kina kifupi na mamba wengi. Anayeingia ziwani humo ana sababu, nayo ni samaki. Kuingia majini kwa furaha tu, tena ukiwa umeshikilia kamba, ni jambo ambalo mtu wa hapa angelihesabu kuwa ama kichaa ama ulevi. Nami nilikuwa mtu wa hapa. Nilipoondoka mwaka 1978 (wakati huo tukiwa Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa, huu Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012) nilipanda juu ya magunia ya mpunga katika lori mpaka Mpanda, nikapanda treni, nikabadilisha Tabora, na nikafika Dar es Salaam nikiwa sijui hata kuogelea. Nilipata kazi ya shamba boi huko Msasani, kwa mhandisi mmoja mgeni. Kumbe bwana yule alikuwa na boti, na aliyekuwa akiitunza alikuwa amemwacha mwezi huo huo. Nikakabidhiwa ndoo, brashi na ufunguo wa plagi, na bustani ikapewa mtu mwingine.

Mchezo wenyewe hauna umri mkubwa. Aliyeuanzisha ni kijana wa Marekani, Ralph Samuelson, mwaka 1922, kwenye Ziwa Pepin katika jimbo la Minnesota. Alikuwa na miaka 18. Alijaribu mbao za mapipa, akazama; akajaribu mbao zinazotumiwa kutelezea juu ya theluji, akazama; mwisho akanunua mbao mbili ndefu, akazichemsha ncha zake mpaka zikalainika, akazikunja kwenda juu, na kaka yake akamvuta kwa boti. Hata hapo aliendelea kuzama mpaka alipogundua kwamba sharti mtu ajilaze nyuma na ncha za mbao zielekee juu. Ndivyo ilivyo hata leo. Anayejifunza huambiwa: kunja magoti, nyosha mikono, usijivute, acha boti ikutoe majini yenyewe. Anayejitahidi kusimama kwa nguvu zake huanguka kifudifudi. Mara nyingi nimefikiri kwamba hakuna kazi ya Kasansa inayomfundisha mtu jambo kama hilo, kwani hapa asiyejivuta mwenyewe hulala na njaa.

Boti yetu ilikuwa ya faiba, futi 16, na mashine ya nyuma ya nguvu za farasi 70. Niruhusu, ndugu msomaji, niieleze kidogo kazi yangu, maana niliipenda, na mapenzi hayo yamo ndani ya shitaka.

Bahari hula chuma. Kila tuliporudi niliizamisha miguu ya mashine katika pipa la maji baridi, nikaiwasha, nikaiacha inguruме mpaka chumvi yote iliyokuwa ndani ya njia zake imetoka. Nilifungua kizibo cha nyuma, nikainua omo juu ya toroli, nikaacha ngama yote imwagike, kisha nikakiweka kizibo mfukoni mwangu, si mahali pengine, ili boti isishushwe tena majini bila mimi kuwapo. Petroli nilichanganya na oili mwenyewe, lita 50 kwa lita moja, na sikumwachia mtu. Oili ya gia niliichungulia kila baada ya wiki chache. Ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia, na mara nyingi mwenye kosa ni uzi wa mvuvi uliojisokota kwenye ekseli nyuma ya pangaboi na kuikata sili. Kamba ya kuvutia niliiosha, nikaianika kivulini, nikaipitisha yote vidoleni futi kwa futi nikitafuta uzi uliokatika. Sikuipiga fundo hata mara moja, kwani fundo huipunguzia kamba nguvu.

Mashine hiyo ilikuwa na vitu viwili nilivyovipenda kuliko vingine. Cha kwanza ni kipande cha zinki kilichofungwa chini yake. Hakikuwa na kazi nyingine ila kuliwa. Chumvi ilikitafuna hicho ikaiacha mashine, na kikiisha unafunga kingine. Cha pili ni mchirizi mwembamba wa maji uliokuwa ukitoka ubavuni, mwembamba kama mkojo wa mtoto. Ndani ya mashine mna kigurudumu kidogo cha mpira chenye mabawa, kinachovuta maji ya bahari ili yaipoze. Mchanga ukikitafuna, au mabawa yakikatika, maji hayapandi, na mashine huungua. Mchirizi ule ndio habari pekee unayoipata. Ukitoka kwa nguvu, mashine ni nzima. Ukilegea, una dakika chache. Nilikuwa nikiutazama mchirizi ule kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa.

Ilikuwa miaka ya uhaba. Sabuni na sukari vilikuwa vya kupanga foleni, na magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana bila kibali. Vipuri havikupatikana, na kigurudumu cha mpira kilichoharibika kilitoka ng'ambo au hakikutoka kabisa. Basi boti ile ikawa yangu kwa namna fulani. Mwenye boti alikuwa na hati zake. Mimi nilikuwa na kizibo mfukoni.

Lugha yetu ina neno linalonishughulisha sana siku hizi. Mama akienda kisimani humwambia jirani yake, "Niangalizie mtoto." Hamwambii amtazame kama mtu atazamavyo picha ukutani. Anamwambia amtunze. Na mtu akikuona unakanyaga nyoka hupiga kelele, "Angalia!" Kuona, kutunza na kujihadhari, yote yamo katika neno moja. Sijui aliyelitunga neno hilo alikuwa nani, ila bila shaka alikuwa amewahi kuachiwa mtoto.

Katika boti ya mchezo ule haitakiwi wawe watu wawili tu, anayeendesha na anayevutwa. Anayeendesha hutazama mbele, na akigeuza shingo mara nyingi atagonga kitu. Kwa hiyo yupo wa tatu, anayekaa ameipa mgongo njia, macho yake yako nyuma kwa yule aliye kwenye kamba. Huyo ndiye mwangalizi. Hupokea ishara za mikono: dole gumba juu, ongeza mwendo, dole gumba chini, punguza, mkono kichwani, nirudishe pwani. Na akianguka mtu, mwangalizi hupaza sauti palepale, naye nahodha hugeuza boti. Aliyeanguka huinua mikono kuonyesha kwamba ni mzima, au husimamisha ubao mmoja majini ili boti nyingine zimwone, kwa sababu kichwa cha mtu baharini hakionekani. Kinafanana na nazi.

Siku niliyoitaja ilikuwa asubuhi moja ya Februari mwaka 1984, msimu wa kaskazi, mapema kabla upepo haujaamka na maji ya ghuba yamelala. Aliyekuwa nyuma alikuwa binti wa mwenye boti, msichana wa miaka kumi na mitano. Baba mtu alishika usukani. Mimi nilikaa tezi, mwangalizi. Tulipita upande wa Bongoyo tukaanza kugeuka, na hapo nikasikia sauti ya mashine imebadilika. Si sana. Mtu mwingine asingesikia. Nikainama ubavuni kuutazama mchirizi wangu wa maji. Ulikuwa umelegea. Nikainama zaidi, nikaona unatoka, unakatika, unatoka tena. Nikawaza mchanga, nikawaza mpira, nikawaza vipuri tusivyonavyo.

Sijui nilikaa hivyo kwa muda gani. Nimejaribu kupima mara nyingi. Boti ikienda kilomita 45 kwa saa, kila sekunde kumi inaacha nyuma mita 125. Nilipoinua kichwa, kamba ilikuwa ikirukaruka juu ya maji na kishikio chake kitupu. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Na mahali ambapo mtu angepaswa kuwa, boti nyingine ya mwendo kasi ilikuwa ikikatiza ghuba kutoka upande wa pili.

Hapo hapo, mbali kabisa, nikaona ubao umesimama majini. Na mwendeshaji wa boti ile naye aliuona, kwani alipinda ghafla kiasi cha kulala ubavu, akapita. Alipita mbali naye kama urefu wa mtumbwi mmoja.

Baba mtu alikuwa ameona boti imepinda, akageuka, akapiga kelele, "Yuko wapi?" Nami nikanyoosha kidole na kusema kwa sauti ya mtu aliye kazini, "Yule pale, bwana. Nimemwona tangu alipoanguka. Nilikuwa nakuita, mashine imekuzuia usisikie."

Maneno hayo yalitoka yakiwa yamekamilika, kama yaliyokuwa yamehifadhiwa mahali. Tukamwendea, tukamtoa. Alikuwa anacheka na kutetemeka. Jioni yake mwenye boti aliniita sebuleni, mbele ya mkewe, akanishukuru kwa macho yangu makali, akanivisha saa ya mkononi. Nikaipokea kwa mikono miwili. Usiku nilibadilisha kile kigurudumu kwa kukata mabawa ya mpira wa tairi, na asubuhi mchirizi ulitoka vizuri. Nilipoacha kazi mwaka 1989 niliiuza saa ile Kariakoo, na fedha yake ikaingia katika mabati ya nyumba hii ninayoandikia.

Kwa miaka mingi sikuliita tukio lile kosa. Nililiita bahati, na nikilisimulia, nililisimulia kama nilivyomsimulia yule bwana. Uongo ukizoeleka hupata kumbukumbu zake. Nilifika mahali pa kuiona kabisa sura ya binti yule akianguka, jambo ambalo sikuliona.

Sasa niseme habari ya mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu, na wakati wa masika alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi pale mto unapofurika na njia kukatika. Ni kijana mwema. Hakunywa, hakuwa na haraka, mtumbwi wake aliukalafati mwenyewe kila mwaka. Siku ile alikuwa na abiria watano, mmoja wao mvulana wa miaka saba aliyefuatana na shangazi yake. Katikati ya maji shangazi alitoa noti kubwa, naye mpwa wangu akauegemeza upondo begani, akainama kutafuta chenji. Shangazi naye alikuwa akizihesabu fedha kwa macho. Mtoto aliinama kugusa majani yaliyokuwa yakielea. Waliposikia mlio wa maji na kugeuka, mkondo ulikuwa umeshamchukua. Alipatikana kesho yake, chini sana.

Polisi na mahakama walikuwa na kazi yao, nasi tulikuwa na yetu, kwani ni familia mbili zinazochota maji kisima kimoja, na mtu hawezi kuishi kwa kugeuza uso kila akipita. Kikapangwa kikao cha wazee wa pande zote mbili. Nikatakiwa nizungumze kwa niaba ya upande wetu, kama mjomba.

Usiku wa kuamkia kikao nilimwita mpwa wangu chini ya mwembe nikamweleza habari ya Msasani, safari hii kama ilivyokuwa. Ndiyo mara ya kwanza kuitamka. Nilidhani nampa faraja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mjomba, usiku wa siku ile ulilala?" Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia kwamba nililala, tena vizuri, na saa ilikuwa mkononi. Hakusema kitu. Aliinuka akaniaga kwa heshima, kama kawaida yake.

Binti yangu aliyesoma chuo kikuu aliniambia kwamba swali hili lina wenyewe. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, walilijadili kwa pamoja, na tangu hapo halijafungwa. Nagel anamtaja dereva wa lori ambaye hakupeleka breki zake kukaguliwa. Mtoto akikimbilia barabarani, dereva huyo ameua, na asipokimbilia, ni mzembe tu kama wazembe wengine, na tofauti ya hao wawili iko kwa mtoto, haiko kwa dereva. Williams naye anasema kwamba hata dereva asiye na kosa lolote akimwua mtoto kwa ajali, atajisikia vingine kabisa na abiria aliyekaa pembeni yake, na kwamba tutamfariji, ndiyo, lakini akifarijika upesi mno tutamtilia shaka. Nilifurahi kusikia kwamba watu wenye elimu kubwa wamekwama pale pale nilipokwama mimi na mtumbwi.

Tuseme basi kwamba hatia ni moja. Ni rahisi kusema, na inapendeza masikioni, kwani moyo wangu asubuhi ile na moyo wa mpwa wangu haukutofautiana hata chembe. Pengine wake ulikuwa bora, maana alikuwa akimtafutia mtu haki yake ya chenji, nami nilikuwa nikiipenda mashine. Lakini ukishasema hivyo, itakubidi ama unifunge mimi kwa binti aliyerudi nyumbani akicheka, ama umwachie yeye kama nilivyoachiwa. Na tukianza kufunga watu kwa misiba ambayo haikutokea, nani atabaki nje wa kushika funguo? Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Viktoria, na watu zaidi ya 220 wakafa. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu wapatao 100. Kila mtu anayesafiri katika nchi hii amewahi kupanda chombo kilichojaa kupita kiasi, akafika, akashuka, akaenda zake sokoni, na aliyekijaza akala chakula chake cha mchana kwa amani. Hakuna aliyemwita mwuaji. Tulimwita kondakta.

Tuseme badala yake kwamba hatia hupimwa kwa yaliyotokea. Hapo nami napona kabisa, lakini kwa gharama gani? Maana yake ni kwamba wema wangu uliamuliwa na mtu nisiyemjua, yule mwendeshaji aliyepinda usukani. Alipinda, nikawa mfanyakazi hodari. Asingepinda, ningekuwa mwuaji wa mtoto. Mimi mwenyewe sikuchangia kitu. Wazee husema ajali haina kinga. Ni msemo wa huruma, nami nimeusema misibani, ila nimegundua kwamba huwa tunausema kumwambia aliyefikwa, wala hatumwambii aliyenusurika. Aliyenusurika tunamwambia ni hodari.

Nimekaa na mambo hayo mawili muda mrefu, na kitu kimoja tu kimenijia ambacho sikukisikia kwa mtu mwingine. Kosa la mpwa wangu lilikuja pamoja na maiti ya mtoto. Halikumwachia nafasi ya kusema uongo. Mbele ya maji yale hangeweza kusema, "Nimemwona tangu alipoanguka." Kosa langu lilikuja na zawadi mkononi, na likaniuliza kwa upole nataka liitwe jina gani. Kwa hiyo, kama makosa yetu ya kwanza ni sawa, mimi nina la pili ambalo yeye hana, nalo halikuwa la sekunde kumi. Nililirudia kila niliposimulia kwa zaidi ya miaka thelathini. Kanisani, katika sala ya toba, huwa tunayataja hata yale tuliyoacha kuyatenda, nami nimeisema sala hiyo kila Jumapili nikifikiria mambo mengine.

Katika kikao nilisimama nikaeleza yote. Nilisema kwamba kijana huyu alifanya nilichokifanya mimi, na kwamba mimi nilivishwa saa. Wanaume walitazama chini. Mzee mmoja wa upande wa pili alinung'unika kwamba mwenye macho haambiwi tazama, na sikuelewa kama alikuwa akimsema mpwa wangu au mimi. Kisha bibi wa marehemu mtoto akaomba kusema. Ni mwanamke ninayemfahamu tangu utotoni.

"Kaka," akaniambia, "nimekusikia. Huyo binti wa mzungu yuko wapi leo?"

"Sijui, dada. Waliondoka nchini. Nadhani yuko hai, ni mtu mzima."

"Mimi najua mjukuu wangu aliko."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, wala si kwa ukali, "Haya uliyotueleza, ni ya kumpunguzia mpwa wako mzigo, au umekuja kuutua wa kwako mbele yangu?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa hoja zote isipokuwa hiyo. Nilikaa chini. Kikao kiliendelea, watu wakazungumza ya fidia na ya matanga, wakaafikiana kwa sehemu, na mpwa wangu akapiga magoti mbele ya bibi yule, naye akamwekea mkono kichwani bila kusema neno. Mimi hakunitazama tena.

Kwa hakika hakuipinga hoja yangu. Hakusema kwamba makosa mawili si sawa. Alichoniuliza ni kwa nini nimeileta siku ile, na mahali pale, hoja ambayo nilikuwa na miaka yote ya kuileta mahali pengine, kwa watu ambao ingenigharimu kitu kwao. Yule bwana alikuwa amekwisha kuondoka, anwani yake sina, saa imeshageuka mabati. Nilikiri mahali ambapo kukiri kulikuwa bure, tena kwa mtu ambaye siku ile hakuwa na nafasi ya kubeba cha mtu mwingine. Ikiwa kuna jambo katika haya yote ambalo naweza kusema kwa uhakika kuwa ni kosa langu, bila bahati wala ajali ndani yake, nadhani ni hilo.

Mpwa wangu hakurudi kwenye mtumbwi. Analima mpunga, na akienda shambani huzunguka njia ndefu isiyopita mtoni. Masika yaliyofuata kijiji kiliagiza kwamba kila mtumbwi wa kuvusha uwe na watu wawili, mmoja wa upondo na mwingine wa kuwaangalia abiria, na nauli ipokelewe nchi kavu kabla ya kupanda. Nikajitolea. Vijana walicheka, wakasema mzee wa umri wangu atakuwa wa kwanza kutumbukia. Nilijifunza kuogelea Msasani, lakini sikuwaambia.

Basi siku za mafuriko mimi hukaa omo, nimeupa mgongo ng'ambo tunakokwenda, magoti yangu yakiwaelekea watu. Watoto huniita mzee wa kinyumenyume. Sitazami maji yaliyoingia chomboni, sitazami upondo, wala simu yangu ikilia siipokei. Kama mtumbwi unavuja, mwenye upondo na aseme.

Mwaka jana, siku ya mnada, bibi yule alikuja kuvuka. Nilimwamkia, akaitikia. Palikuwa na nafasi nyuma, karibu na mwenye upondo, ambako akina mama hupenda kukaa kwa sababu hapalowani sana. Aliitazama nafasi ile, akaipita, akaja akaketi mbele yangu hasa, magoti yetu yakikaribia kugusana, kikapu chake mapajani. Tukasukumwa kutoka ukingoni. Mimi niliwaangalia watu waliokuwa nyuma yake, mmoja mmoja, na hasa watoto wawili waliokuwa upande wa kulia. Yeye aliniangalia mimi, macho yangu, mpaka ng'ambo.